Sifuri Yetu Iko Wapi? Mhadhara Kuhusu Kupima Mwinuko wa Ardhi kwa Levo na Rula

  

Nimeombwa nieleze namna mwinuko wa ardhi unavyopimwa kwa levo na rula ndefu. Nitaeleza. Lakini nina kusudi la pili, na ni haki niliweke wazi mapema ili anayetaka kunipinga ajiandae: nataka kuonyesha kwamba kimo cha ardhi ni jambo la umma, kama ilivyo mizani ya sokoni. Mtaa ambao kila mwenye nyumba na kila mkandarasi anapima kutoka kwenye sifuri yake mwenyewe utajaa maji hata ukichimbiwa mitaro kumi.

Hoja ya kwanza: hakuna kimo bila mahali pa kuanzia.

Tunaposema mji fulani uko mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, tunataja tofauti ya kimo kati ya sehemu mbili. Moja ni chini ya miguu yetu. Nyingine ni bahari, na hapo ndipo shida inapoanza, kwa sababu bahari haitulii. Nyinyi watu wa Pwani hamhitaji kufundishwa na mimi habari za kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, pwani ya Dar es Salaam maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu ndani ya saa chache. Wakati wa maji mafu tofauti hupungua sana. Usawa upi basi ndio usawa wa bahari?

Jibu ni wastani. Kipimio huwekwa bandarini, husoma kimo cha maji usiku na mchana, kusi na kaskazi, kwa miezi au miaka, kisha masomo yote yanajumlishwa na kugawanywa. Kwa Tanzania bara wastani huo ulichukuliwa katika bandari ya Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa Kenya ni Mombasa. Kutoka bandarini wapimaji walitembea na levo, hatua kwa hatua kuelekea bara, wakiacha alama njiani: pini ya shaba au ya chuma kwenye zege, kwenye ukuta wa jengo imara au kwenye nguzo ya daraja. Kila alama ina namba, na namba hiyo ina kimo chake kwenye vitabu vya ofisi ya ramani. Naomba msizichanganye alama hizi na bikoni za viwanja. Bikoni inakuambia mpaka wako unaishia wapi. Haikuambii uko juu au chini kiasi gani.

Kwamba sifuri ni makubaliano ya watu, na kwamba makubaliano hayo yana gharama, walilijua vizuri Wajerumani na Waswisi kwenye mji wa Laufenburg, ambako Mto Rhine ndio mpaka. Walijenga daraja, kila nchi ikianza upande wake. Uswisi hupima kutoka Bahari ya Mediterania, Ujerumani kutoka Bahari ya Kaskazini, na sifuri hizo mbili zinapishana kwa sentimita 27. Wahandisi walilijua hilo na wakaliweka kwenye hesabu. Bahati mbaya waliliweka kwa alama isiyo yake: mahali pa kutoa wakajumlisha. Mwaka 2003 ikagundulika kwamba pande mbili za daraja zinapishana kwa sentimita 54. Naona wahandisi wanacheka. Hao walikuwa na vifaa bora kuliko vyetu, na daftari safi. Kilichowaangusha ni sifuri.

Na mlima wetu? Tulifundishwa shuleni kwamba Kilimanjaro ina mita 5,895, kimo kilichotokana na upimaji wa Waingereza wa mwaka 1952. Mwaka 1999 wataalamu wakapanda na vipokezi vya setilaiti wakapata 5,892. Mwaka 2008 ikapimwa tena na kupatikana karibu 5,891. Msiende mkasema mlima unazama. Kilichobadilika ni njia ya kupimia na namna ya kukadiria usawa wa bahari upite wapi chini ya mlima, mamia ya kilomita kutoka ufukweni.

Hoja ya pili: chombo chenyewe ni rahisi, na wazo lake ni la kale.

Wazo ni hili: maji yaliyotulia hayadanganyi. Wachagga walichimba mifereji iitwayo mifongo kwenye miteremko ya Kilimanjaro, wakayatoa maji kwenye vijito vya juu na kuyazungusha kwenye migongo ya milima hadi mashambani, bila darubini. Waliyafuata maji yenyewe; mahali yaliposimama walichimba, mahali yalipokimbia walizuia. Nchini Oman mifereji iitwayo aflaji imeyaleta maji kutoka ardhini hadi mitendeni kwa mteremko mdogo ambao jicho haliuoni, na mwanahisabati al-Karaji, karne ya kumi na moja, aliandika kitabu kizima juu ya kuyatafuta maji yaliyofichika, na ndani yake akaeleza vyombo vya kupimia usawa. Waroma nao walikuwa na benchi refu lenye mfereji wa maji juu yake. Na fundi wetu wa leo ana mpira wa maji: anaujaza, anashika ncha moja kwenye kona hii ya msingi, mwenzake anashika nyingine kona ile, na maji yakitulia wanapiga alama. Ni njia sahihi kabisa, mradi hakuna hewa iliyobaki ndani ya mpira. Fundi asiyeukagua mpira kwa hewa ataijenga nyumba iliyolala upande.

Mwaka 1661 Mfaransa Melchisédech Thévenot alifungia spiriti ndani ya kichupa, akaacha kiputo cha hewa. Ndiyo pimamaji anayoibeba kila mwashi. Ukiifunga pimamaji ya namna hiyo kwenye darubini, ukaiweka darubini juu ya miguu mitatu, umepata levo. Mwingereza William Gravatt aliifanya fupi na nyepesi kubebeka mwaka 1832. Mwaka 1950 kampuni ya Zeiss ikatoa levo inayojisawazisha: ndani yake kuna vioo vilivyoning’inizwa kwa nyaya nyembamba, na chombo kikiinama kidogo, uzito wa vioo hivyo unauvuta mstari wa kuonea urudi kwenye mlalo. Levo nyingi mnazoziona kwenye miradi ya barabara leo ni wajukuu wa ile. Kuanzia 1990 zikaja zinazosoma rula zenyewe kwa mistari kama ya bidhaa za dukani na kuandika kumbukumbu bila kalamu.

Rula nayo ni ndefu, mita nne au tano, ya alumini inayochomoka kwa vipande au ya mbao kwa zile za zamani. Imepakwa vipande vyeusi na vyekundu vya sentimita moja moja. Milimita unazikadiria kwa jicho. Sasa tufanye kazi yenyewe, wanafunzi, andikeni.

Tuseme ukutani kwa shule kuna alama ya mwinuko yenye kimo cha mita 12.500. Tunataka kujua kimo cha mdomo wa kalavati mwisho wa mtaa. Nasimamisha levo katikati ya njia, mahali ninapoiona alama. Mshika rula anaisimamisha rula juu ya alama, nami nasoma 1.845. Huu ni usomaji wa nyuma. Najumlisha: mstari wangu wa kuonea uko mita 14.345 juu ya bahari. Tangu sasa, kila mahali rula itakaposimama, natoa tu. Akisimama kwenye kizingiti cha nyumba ambayo mwenyewe analalamikia maji nikasoma 2.310, kizingiti hicho kiko mita 12.035. Akienda mbele, juu ya jiwe imara, nikasoma 0.675, jiwe liko mita 13.670. Huo ni usomaji wa mbele. Mshika rula anabaki pale pale. Mimi ndiye ninayehama. Nasimamisha levo upya mbele yake, nasoma nyuma kwenye jiwe lile lile: 1.120. Mstari mpya uko 14.790. Anakwenda kwenye kalavati, nasoma 2.955. Mdomo wa kalavati uko mita 11.835.

Nihakikishe hesabu: usomaji wa nyuma kwa jumla ni 2.965, wa mbele 3.630, tofauti ni 0.665 kushuka. Kutoka 12.500 hadi 11.835 ni 0.665. Hesabu imekubali. Hapo tumejua kwamba kizingiti cha mlalamikaji kiko sentimita 20 tu juu ya mdomo wa kalavati. Kalavati ikiziba na maji yakasimama futi moja juu ya mdomo wake, yataingia sebuleni. Hakuna siasa hapo, ni kutoa na kujumlisha.

Ndugu aliyenyoosha mkono anauliza kwa nini tusisome moja kwa moja kutoka shuleni hadi kalavati. Tukiweza kuviona vyote kwa mkao mmoja, tutafanya hivyo. Lakini mtaa una kona, una kibanda cha chipsi, una mteremko unaozidi urefu wa rula. Ndiyo maana tunahama.

Hoja ya tatu: makosa hayakwepeki, ila yapo yanayoweza kunyimwa nafasi. Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo kazi nzuri na mbaya zinapoachana, na kwa nje huwezi kuzitofautisha.

Kosa la kwanza ni la chombo. Levo iliyoanguka kutoka kwenye gari, na zipo nyingi, inaweza kuonyesha kiputo katikati huku mstari wake wa kuonea umeinama. Tuchukue mwinamo mdogo wa milimita 10 kwa kila mita 100. Mpimaji mvivu anasimamisha levo mita 20 kutoka rula ya nyuma na mita 60 kutoka rula ya mbele. Nyuma anakosea milimita 2, mbele milimita 6. Tofauti ni 4. Si kitu, atasema. Lakini akienda kilomita mbili kwa mtindo huo ana mikao 25, na kosa linakwenda upande mmoja kila mara: sentimita 10. Mwenzake mwenye levo ile ile mbovu akisimama katikati, mita 40 nyuma na 40 mbele, anakosea milimita 4 pande zote, na ukitoa moja kwa nyingine kosa linajifuta lenyewe. Kwa hiyo hesabu hatua zako. Ni sheria ya bure kuliko zote katika kazi hii na ndiyo inayovunjwa zaidi.

Sheria hiyo hiyo inafuta na upindo wa dunia. Dunia ni mviringo, mstari wa darubini umenyooka, na hewa nayo huupinda mwanga kidogo. Katika mita 50 athari yake haifikii robo ya milimita. Katika kilomita moja ni karibu milimita 67. Anayesoma rula iliyo mbali kwa kutamani kumaliza mapema anaununua upindo huo.

Kuijua levo kama ni nzima hakuhitaji karakana. Piga vigingi viwili umbali wa mita 60. Simama katikati, pata tofauti ya vimo vyao. Hiyo ni ya kweli hata chombo kikiwa kibovu. Kisha hamia karibu na kigingi kimoja, usome tena vyote viwili. Tofauti ikibadilika, mstari umeinama. Ni kazi ya nusu saa asubuhi, na mkandarasi anayekataa kuifanya mbele ya msimamizi anakuwa ameshajibu swali.

Kosa la pili ni la mshika rula, ambaye mara nyingi ni kijana aliyeokotwa njiani asubuhi hiyo akapewa rula bila maelezo. Rula ya mita nne ikiinama kiasi cha sentimita 20 kileleni, usomaji wa juu unazidi kwa milimita 5. Daima unazidi, haupungui kamwe. Kwa hiyo mfundisheni aiyumbishe taratibu mbele na nyuma, na msomaji achukue namba ndogo kuliko zote anazoziona. Hiyo ndiyo ya rula iliyosimama wima. Mfundisheni pia asisimamishe rula juu ya mchanga au tope wakati wa kuhama, kwa sababu ikizama nusu sentimita huku mpimaji anabeba levo, kosa hilo litasafiri hadi mwisho wa barabara. Na mlipeni vizuri. Usahihi wa daftari lote uko mikononi mwake.

Kosa la tatu ni la jua. Saa nane mchana lami ya Dodoma au ya Mombasa inatetemesha hewa mpaka namba za rula zinacheza. Karibu na ardhi hewa ni ya moto zaidi, hivyo nusu mita ya chini ya rula isisomwe ikiwezekana. Pima asubuhi, au alasiri jua likipunga, na ufungulie levo mwavuli. Mpita njia akikucheka kwa mwavuli wa chombo, mwache acheke.

Baada ya yote hayo, bado utakosea. Dawa yake ni kurudi. Mpimaji aliyetoka alama ya shule hadi kalavati lazima arudi shuleni, au amalizie kwenye alama nyingine inayojulikana, na kimo anachorudi nacho akilinganishe na kile cha kitabuni. Tofauti hiyo ndiyo inayomhukumu. Kwa kazi za kawaida za uhandisi kanuni inayotumika sana huruhusu milimita 12 mara kipeuo cha pili cha kilomita ulizotembea: mzunguko wa kilomita nne, milimita 24, basi. Zaidi ya hapo, rudia kazi. Kwangu mimi, kimo ambacho hakikurudishwa ni uvumi ulioandikwa kwa desimali tatu. Na ogopeni daftari linalofunga kwa sifuri kamili kila siku. Limeandikwa chini ya mwembe.

Hoja ya nne, kwa kifupi. Vijana wataniuliza: setilaiti si zinatosha? Zinasaidia sana, na asiyezitumia anajichelewesha. Lakini kipokezi cha setilaiti kinapima kutoka kwenye umbo la hesabu la dunia, yai laini lisilo na bahari. Pwani yetu bahari iko chini ya umbo hilo kwa zaidi ya mita 20. Ukisimama ufukweni Dar es Salaam na kipokezi kisichopewa masahihisho, kitakuambia uko mita ishirini na kitu chini, nawe miguu yako mikavu. Masahihisho yapo, na kwa kuchora ramani ya eneo kubwa yanatosha. Kwa mtaro unaoshuka sentimita 20 katika mita 100, sentimita tano za mashaka ni robo ya mteremko wote. Hapo levo bado ndiyo bibi harusi.

Hoja ya tano ndiyo iliyonileta. Mteremko wa mtaro ni mali ya kila anayeishi kando yake. Mtaro wa mita 300 wenye kushuka moja kwa mia mbili unahitaji mita moja na nusu ya kushuka kutoka mwanzo hadi mwisho. Nani ana mita moja na nusu hiyo katika maeneo ya chini ya Bonde la Msimbazi? Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu Dar es Salaam, na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo Jangwani, ndani ya bonde hilo hilo, imefunikwa na maji mara nyingi tu. Sisemi levo ingeyazuia mafuriko. Nasema kwamba kila mwenye uwezo anapopandisha kiwanja chake kwa kifusi bila kujua kimo cha jirani, na mkandarasi wa barabara anapoweka lami juu ya lami mpaka barabara inazidi vizingiti, maji hayapotei. Yanahamia kwa asiye na pesa ya kifusi. Na hakuna anayeweza kulithibitisha hilo barazani kwa sababu hakuna anayejua kimo cha kitu chochote.

Alama za mwinuko tulizoachiwa zinakufa. Nyingine zimebomolewa pamoja na kuta zilizozibeba, nyingine zimelala chini ya upanuzi wa barabara, nyingine zimeng’olewa zikauzwa vyuma chakavu. Gharama ya kuzirejesha ni ndogo kuliko ya kalavati moja iliyowekwa juu mno.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Halmashauri ziweke alama mpya za mwinuko mahali ambapo umma unapaona na kupalinda: ukutani mwa shule, zahanati, msikiti na kanisa, kimo chake kikiandikwa wazi pale pale kwa rangi. Kibali cha ujenzi kitaje kimo cha sakafu ya nyumba kutoka kwenye alama hizo, badala ya kutoka usawa wa barabara, ambao hubadilika kila lami mpya inapomwagwa. Na vyuo vya ufundi vitume wanafunzi wake kila kiangazi kupima upya mitaa iliyo karibu, matokeo yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa ambako mama lishe na fundi baiskeli wanaweza kuyasoma.

Kwenu waheshimiwa madiwani nina ombi moja zaidi, na halihitaji bajeti. Kabla ya kupitisha malipo ya mtaro unaofuata katika kata zenu, ombeni daftari la upimaji. Jumlisheni usomaji wote wa nyuma, jumlisheni wote wa mbele, toeni, kisha muulize mpimaji alirudi kwenye alama ipi na alikosea milimita ngapi. Akishindwa kujibu, msisaini.